Siku nne za mafunzo ya mwatiko na mshipi Tanga: uzoefu wangu

Watu watatu wameshaniuliza kama mafunzo yale yana maana au ni soda na posho tu. Najibu hapa mara moja, nisirudie kila nikikutana na mtu sokoni.

Kikundi chetu kina bwawa moja la mwatiko, samaki wa bahari anayefugwa, upande wa Tongoni, nyuma ya mikoko. Mwaka jana tulipanda vifaranga, wakanawiri mpaka masika yalipoingia. Mvua ilipiga usiku kucha, asubuhi tukawakuta wanaelea matumbo juu. Maneno yakaanza: huyu anasema tumetiliwa sumu, yule anasema ni jicho la mtu. Mimi katibu nikabaki na daftari la madeni. Kwa hiyo nilipotoa kiingilio cha shilingi 30,000, nilikuwa na swali langu moja tu: nini kiliwaua samaki wetu?

Siku ya kwanza sina la kuisifia. Darasani kutwa nzima, picha za vizimba vya samaki wa nchi za baridi ukutani, na kabrasha la Kiingereza mkononi. Mzee aliyekaa kando yangu alilitumia kujipepea.

Siku ya pili ndiyo iliyorudisha fedha yangu. Tulikuwa tumeambiwa kila mtu aje na udongo wa bwawa lake. Mwalimu akaumega wangu kwa vidole, akanionyesha madoa ya manjano ndani yake. Akaukoroga kwenye kikombe cha maji, akachovya karatasi ya kupimia tindikali. Ya jirani yangu wa Kigombe ilitoka kijani. Yangu ikawa rangi ya chungwa lililoiva.

"Dada, hakuna aliyekutilia sumu," akasema. "Sumu imo kwenye tuta lako."

Udongo wa mikoko una salfa nyingi. Ukikaa chini ya maji hauna neno, lakini ukichimbwa ukapandishwa juu kuwa tuta, hewa inaugeuza tindikali, na mvua kubwa ikija inaiosha yote bwawani kwa mkupuo. Hapo nikakumbuka yale maji ya rangi ya kutu yaliyokuwa yakichuruzika chini ya tuta letu. Sisi tulidhani ni kutu ya majembe! Dawa yake: kausha bwawa mpaka lipasuke nyufa, ingiza maji ya bahari, yamwage, rudia tena na tena, kisha mwaga chokaa ya kilimo hasa kwenye matuta. Na chokaa Tanga si kitu cha kuhangaikia, mapango yenyewe ya Amboni ni mawe ya chokaa.

Nilijifunza pia kipimo kisicho na gharama. Zamisha mkono bwawani. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, chakula cha mwatiko kipo cha kutosha. Ukikiona bado, ongeza samadi ya kuku. Kikipotea mapema mno, acha samadi, badilisha maji.

Sasa lawama. Siku ya tatu tulipelekwa kwenye bwawa la mfano kujifunza kufungua lango na kuweka wavu wa kuzuia samaki walafi wasiingie. Lango likafunguliwa. Tukasubiri. Maji yakaishia mbali huko kwenye mizizi ya mikoko, hayana habari na sisi. Mzee wangu wa kabrasha akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, leo mwezi ngapi?" Ilikuwa siku ya nane tangu mwezi uandame, maji mafu matupu, yasiyopanda juu. Watu wakacheka, lakini mimi iliniuma. Bamvua, yale maji makubwa, ingefika wiki iliyofuata tu. Anayepanga ratiba ya bwawa la pwani bila kutazama mwezi amepangia ofisi yake, na wengine tulikuwa tumefunga biashara ili tuwepo.

Siku ya nne ilikuwa ya wanaopeleka wageni kuvua kwa kujifurahisha. Shemeji yangu ana mashua, nikaambatana naye. Kolekole mmoja alinaswa, tukaonyeshwa namna ya kumrudisha: lowesha mikono kwanza usimvue ute wake, chomoa ndoana kwa koleo, asikae juu muda mrefu. Kile kijino cha ndoana kibanwe kabla hata hujaitupa. Chewa wa kina kirefu ni habari nyingine, ukimvuta ghafla anafika juu tumbo limevimba na macho yametoka, na kumtupa tu majini si kumwokoa. Tukakumbushwa leseni, na kwamba toka mdomo wa Pangani kuja huku tuko ndani ya hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo mgeni asipakiwe kienyeji. Shemeji alinuna kidogo hapo. Kesho yake alinunua koleo.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne wameipoteza lango lilipofunguliwa bila maji, ya tano ni ya lile kabrasha. Mwalimu wa udongo peke yake ningempa zote.

Bwawa letu limeshaoshwa kwa bamvua tatu na chokaa imemwagwa. Juzi nilichovya karatasi ikatoka kijani, ingawa bado imefifia. Vifaranga hatujapanda. Ukienda, vaa mabuti yako mwenyewe, ya kuazimishwa yote yalikuwa makubwa, na udongo uchote kwenye tuta na chini ya bwawa, kila mmoja mfuko wake.