Miezi minane ya tamthilia na filamu kwa intaneti nikiwa Wete

Kwa miezi minane sasa nimekuwa mteja wa huduma moja ya kulipia filamu na tamthilia kwa intaneti, nikiwa nyumbani kwetu Wete, Pemba, na ninaandika kwa ajili ya mtu wa visiwani anayejiuliza kama fedha zake zitakwenda bure. Jibu langu ni kwamba inategemea anachokipenda. Mpenzi wa tamthilia ndefu atapata takriban kila anachokitafuta, lakini mpenzi wa zile filamu kubwa zinazofuatana miaka na miaka, moja ikiiegemea nyingine, atauziwa hadithi yenye mapengo.

Ada ya mwezi si mzigo. Mzigo ni bando. Saa moja ya picha ya kawaida hula takriban GB 1, na picha ya ubora wa juu hufika GB 3. Game of Thrones, ambayo ndiyo iliyonifanya nijiunge, ina sehemu 73 zenye jumla ya takriban saa 70, kwa hiyo mtu anayeridhika na picha ya kawaida ajiandae kwa GB 70 za tamthilia moja tu. Nilichofanya ni kupakua usiku wa manane, bando linapokuwa rahisi, kisha kutazama siku ya pili baada ya sala ya Isha. Kwa kupakua huku huduma inastahili sifa, kwa sababu umeme ukikatika, simu huendelea na hadithi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilitazama na mdogo wangu. Katika sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza, Ned Stark, ambaye sote wawili tulimdhania kuwa ndiye mwenye hadithi, anakatwa kichwa hadharani. Mdogo wangu alirudisha nyuma mara mbili, akiamini kwamba upakuaji umeruka kipande na kwamba mahali fulani pana msaada uliofika kwa wakati. Hapana. Tangu usiku ule tuliiangalia tamthilia kwa hofu ya kweli, na hofu hiyo ndiyo thamani yake khasa, kwani mtazamaji hana tena mtu wa kumtegemea kuwa atasalimika.

Kuhusu mwisho wake, ambao watu wanauzozea tangu mwaka 2019, mimi ninasimama na wenye malalamiko, ingawa si kwa sababu ile inayotajwa mara nyingi. Daenerys, yule malkia mwenye majoka, kuuteketeza mji si kosa la utunzi. Dalili zilikuwapo tangu misimu ya mwanzo. Kosa ni haraka. Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukapewa 7 na wa nane 6, wakati ambapo tamthilia ilikuwa imeshavipita vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo ndivyo asili yake, na ilihitaji nafasi zaidi, si pungufu. Mabadiliko ambayo yangetaka msimu mzima wa kumwandaa mtazamaji yalimalizwa kwa kengele za kusalimu amri na joka.

Hapa niseme jambo linaloihusu huduma yenyewe. Sehemu ya 3 ya msimu wa nane, ile ya vita vya usiku yenye dakika 82, hatukuiona. Ninamaanisha kwamba hatukuiona kwa macho: televisheni ilikuwa nyeusi, na ndani ya weusi huo mlikuwa na sauti za watu wakifa. Niliilaumu televisheni yetu, ambayo ni ya zamani, mpaka nilipojua kwamba watazamaji wa Marekani walilalamika vilevile, na kwamba mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijitetea kwa kusema kuwa watu hawajui kurekebisha televisheni zao na kwamba picha hubanwa mno inaposafirishwa. Nilipoipakua tena kwa ubora wa juu, na taa zote za chumbani zimezimwa, nilimwona farasi, kisha nikamwona aliyempanda. Anayeweka mpangilio wa kubana bando asiutumie kwa sehemu hii.

Pana jambo jingine ambalo mtu wa kwetu hana budi kulijua: Game of Thrones haitazamiki mbele ya wazee. Huduma ina akaunti ya watoto na namba ya siri, jambo ambalo ni zuri, lakini haina kitufe cha kuruka tendo la faragha, na nyumba ya Wete haina ukumbi wa pili. Mama nilimwekea Chernobyl, tamthilia ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Kisovieti, yenye sehemu 5 tu. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha hayakuwapo, kwa hiyo nilikuwa mkalimani. Aliponisikia nikisema kwamba kinu kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, na kwamba watu wa Pripyat, mji wa jirani, walianza kuhamishwa siku iliyofuata mchana, alisema tu, “Na watoto wao wakacheza nje.” Sehemu ya mwisho, ambapo mwanasayansi Legasov anaeleza mahakamani kwa vibao vyekundu na vya buluu jinsi kinu kilivyoripuka, niliitafsiri neno kwa neno, naye akaielewa kuliko mimi. Wachimba migodi wa sehemu ya 3, wanaofanya kazi bila nguo kwa ajili ya joto, niliwaruka haraka, lakini si kwa haraka iliyotosha.

Kwa filamu kubwa huduma inaanguka. Mdogo wangu alitaka kuzitazama za Marvel, zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kwa utaratibu, kuanzia Iron Man ya 2008 hadi Avengers: Endgame ya 2019, ambayo ni ya 22 katika mlolongo huo na ina dakika 181. Nyingine zilikuwapo, nyingine hazikuwapo, na za Spider-Man hazikuwapo kabisa. Nilipowaandikia wahudumu, walinijibu siku ileile, kwa adabu, kwamba haki za maonyesho hutofautiana kwa nchi. Ninajua kwamba Disney iliinunua Marvel mwaka 2009 wakati haki za kumtengenezea filamu Spider-Man zilikuwa tayari kwa kampuni nyingine, Sony. Lakini mteja wa Wete analipa ada kamili na hapewi kipunguzo kwa ugomvi wa mirathi ya watu wengine.

Usiku wa Endgame shemegi alikuja kututembelea. Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, alipokufa, mdogo wangu alijifuta macho, na shemegi akauliza huyu ni nani.

Mwezi huu nimelipia tena. Nimeanza The Wire, tamthilia ya polisi na wauza dawa za kulevya, yenye sehemu 60, na mama ameshauliza kama na humo mna wachimba migodi.