Usiku wa panki na roki ya gereji Njiro: nilichopata kwa shilingi 10,000

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye shoo ya panki, ile roki ya kasi na kelele, hapa Arusha, kwenye ukumbi mdogo ulio nyuma ya baa moja upande wa Njiro. Kiingilio 10,000, kinywaji unajinunulia. Mdogo wangu ndiye aliyenipigia debe wiki nzima. Mimi nimekulia Chuga ya hip hop, enzi za kundi la X Plastaz, na haya magita ya fujo nilikuwa nayasikia kwenye simu yake tu, nikimwambia apunguze.

Tangazo lilisema saa moja usiku. Gita la kwanza lilisikika saa tatu na nusu. Kwa baridi hii ya Julai, kusimama uani muda wote huo ni mateso, na hakuna mwandaaji aliyetoka hata kusema samahani. Liliniudhi na bado linaniudhi. Kilichonituliza ni vijana wenyewe: suruali zimechanwa magotini, minyororo kiunoni, nywele zimesimama wima, na kila anayepita mbele yangu, "Shikamoo dada." Mmoja akaniletea kiti cha plastiki bila kuombwa.

Ndani hakuna jukwaa. Wapigaji wako sakafuni kama wewe, hatua tatu kutoka ulipo, na ukinyoosha mkono unamgusa mpiga besi. Sakafu ni ya vigae, kwa hiyo ile ngoma kubwa ya mguuni ilikuwa inateleza kuja mbele kila inapopigwa. Wakaizuia kwa tofali la saruji. Tofali nalo likateleza. Ndipo kijana mmoja mwenye koti la jinzi akaketi juu ya lile tofali, mgongo kauegemeza kwenye ngoma, uso katugeukia sisi, akakaa hivyo hivyo mpaka bendi ikamaliza. Kila pigo lilimtingisha mabega. Hakuna aliyemtuma.

Bendi hiyo ya kwanza, vijana wa hapahapa, ilipiga nyimbo tisa kwa dakika ishirini hivi. Bendi ya dansi ingekuwa bado iko kwenye sebene la wimbo wa pili. Huku hakuna sebene wala kutaja majina ya wafadhili. Wanahesabu moja mbili tatu nne, wanapiga, wanakata. Mdogo wangu anasema ndiyo njia ya Ramones wa New York, ambao albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina nyimbo 14 zinazokwisha ndani ya nusu saa. Ukiwa umezoea mwendo wa singeli, kasi haikushtui. Kinachokushtua ni gita: linakwaruza, linanguruma, unalisikia kwenye meno.

Lawama yangu kubwa ni maiki. Kwenye chumba kidogo kama kile magita yana spika zake na drams hazihitaji msaada, ila mwimbaji anategemea spika za ukumbi peke yake. Fundi mitambo akimpandisha, maiki inapiga mluzi. Akimshusha, anamezwa. Nilipolalamika, mdogo wangu akanipa historia: roki ya gereji ilianza Marekani miaka ya 1960 na vijana waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye banda la gari la nyumbani (si gereji yetu hii ya mafundi), na The Kingsmen wa Portland walirekodi mwaka 1963 wimbo ambao maneno yake hayakueleweka, mpaka wapelelezi wa FBI wakauchunguza kwa kushuku kuna matusi, wakashindwa kuyang'amua. Sawa, lakini mimi nataka kusikia. Nilipohama nikasimama pembeni, karibu na spika ya ukumbi, nikaanza kuyapata maneno, na yalikuwa ya Kiswahili! Wimbo mmoja ulikuwa wa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kiitikio ni "Miezi sita! Natoa wapi?" basi, mara nane. Ukumbi mzima uliitikia, na mimi niliyelipa kodi yangu mwezi wa tano kwa kukopa niliitikia mpaka koo likakauka. Kuwe na maneno kama hayo halafu yapotee kwenye mitambo? Inaniuma kweli.

Kuhusu masikio, nauza dawa na nasema kwa dhati: sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa nyingi inaharibu usikivu, na shoo hii ilizidi hapo kwa mbali. Pamba haitoshi. Nunua vile vizibo vya sponji famasi, ni bei ndogo. Nilikwenda navyo jozi nne, zikaisha zote kwa kugawa.

Wa pili walikuwa wa kawaida. Wa mwisho walitoka Nairobi, na hapo vijana wakaanza kurukaruka na kusukumana katikati. Kwa mbali unaweza kudhani ni ugomvi. Niliona watatu wakianguka, na kila mmoja aliinuliwa kabla sijamaliza kuguna. Msichana asiyetaka kusukumwa alikaa ukutani na hakuna aliyemgusa.

Choo ni kimoja na taa yake haiwaki. Mishkaki mizuri. Usiku ule bajaji kurudi Sakina ilitutoza 8,000, kwa hiyo pangeni usafiri mapema.

Yule kijana wa tofali alikaa tena kwa bendi ya Nairobi. Zilipobaki nyimbo mbili akainuka kunyoosha mgongo, ngoma ikaanza kuteleza, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikakaa. "Dada, kaza mgongo!" mpiga drams akapaza sauti nyuma yangu, na pigo la kwanza likanipata katikati ya mbavu.