Kikaushio cha mkanda: pima chemba kabla ya kununua

Karibuni tena jamani. Leo nina vikaushio viwili vya mkanda hapa, yaani mashine zinazopitisha tisheti zilizochapwa kwenye joto ili wino uive, kidogo na kikubwa, na swali ni lile mnaloniuliza kila siku: ninunue kipi?

Kwanza, usidanganywe na urefu wa mashine nzima. Sehemu hii ya mbele ni ya kuwekea tisheti, ile ya nyuma ni ya kupoozea. Wino unaiva humu katikati tu, ndani ya chemba ya joto. Kwa hiyo chukua futi yako upime hapa. Hiki kidogo chemba yake ni sentimita 75. Kikubwa ni mita moja na nusu.

Sasa tupige hesabu. Wino wa plastisoli wa kawaida, ule wa plastiki usio na maji, unataka kufika nyuzijoto 160, na zifike mpaka chini kwenye kitambaa, si juu tu. Tuseme kwenye mashine hii inachukua sekunde 45. Tisheti ikilala inakula kama sentimita 75 za mkanda, yaani sawasawa na chemba. Basi kila sekunde 45 inatoka moja: tisheti 80 kwa saa. Kwa mtu anayechapa kwa mkono, zinamtosha kabisa.

Lakini badilisha wino. Wino wa maji lazima maji yote yatoke kwanza ndipo uive, na hapo hesabu dakika 3. Mashine ileile sasa inakutolea tisheti 20 kwa saa! Wewe unachapa 60, rundo linakua mezani, na mkono unaanza kuwasha kuongeza kasi ya mkanda.

Mimi niliiongeza. Mzigo wa mteja ukarudi baada ya kufuliwa mara moja, maandishi yamepauka, mengine yametoka kabisa. Iliniuma sana, kwa sababu kwa macho zilikuwa zimekauka vizuri tu.

Sogeza kamera hapa. Hizi mbili ni plastisoli. Naivuta hii: inanyumbuka, inarudi. Naivuta hii nyingine... umeona? Imepasuka kama tope lililokauka. Na hii ya pili kile kipimajoto cha bastola kilisoma 165! Kinasoma uso wa wino tu. Tumia kile chenye waya unaogusa wino, waya huo upite chembani pamoja na tisheti, na upime mkanda ukiwa umejaa tisheti. Pamba ina unyevu, na unyevu unameza joto. Mkanda mtupu utakupa namba za kukufurahisha tu.

Kikubwa chenyewe, kwa dakika 3 zilezile, kinatoa 40. Pia kina feni inayozungusha hewa ya moto, na kwa wino wa maji hiyo feni naitaka kuliko urefu wowote, maana mvuke usipoondolewa unabaki juu ya tisheti. Upana wa mkanda wa sentimita 60 ni tisheti moja. Ukitaka mbili sambamba, tafuta 120.

Uamuzi wangu: plastisoli peke yake, na unachapa kwa mkono, chukua kidogo bila wasiwasi. Ukigusa wino wa maji hata siku mbili kwa wiki, chukua kikubwa. Ila kabla hujalipa, mwite fundi umeme aangalie kibao cha nyuma ya mashine, kwa sababu vingi vya ukubwa huu vinataka umeme wa fezi tatu, si ule wa kawaida wa nyumbani.