Sare nyeupe ya nesi: jiki au sabuni na jua?

Weupe ukianza kufifia, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye chupa ya jiki. Naelewa. Ndani ya dakika chache doa la chai halipo tena. Sare ikirukiwa na damu au usaha, jiki iliyopunguzwa kwa maji baridi ina kazi yake, kwa sababu inaua vijidudu.

Lakini itazame hiyo sare baada ya kuijiki kila wiki. Shika kola, ivute kidogo kwa vidole: nyuzi zimelegea, mwanga unapenya. Klorini iliyo ndani ya jiki inaila pamba polepole, na kwenye tetroni (kitambaa cha poliesta) inaweza kuacha ule umanjano unaokufanya uongeze jiki nyingine. Maji ya kisima yenye chuma ndiyo balaa zaidi, nguo inatoka na rangi ya kutu.

Njia ya pili inataka subira. Damu isuuze kwa maji baridi mara tu ufikapo nyumbani, maana ya moto yanaigandisha kwenye uzi. Loweka kwa sabuni ya unga, kola na kwapani fikicha kwa sabuni ya mche, kisha anika juani; jua lenyewe linang'arisha nyeupe. Sare ya bluu igeuze nje ndani, uianike kivulini.

Mimi nachagua sabuni na jua kwa kila siku, jiki kwa dharura tu, na kusuuza mara mbili. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala limau: hutoa gesi ya sumu.