TAHADHARI: Duka la "tairi maalumu za trela" hapa Dar, tusije tukauana barabarani

Wakuu, tangu turudi Tanga jambo hili limenikaba kooni, acha niliseme. Kuna duka la tairi hapa Dar, lina kiyoyozi na mashine ya alaimenti (ya kupima na kunyoosha mkao wa tairi), linajinadi kwamba lina tairi maalumu za trela za boti. Msipeleke trela zenu pale. Jina na mtaa sitavitaja hapa kwa sababu nimefungua RB polisi na nimeambiwa nisiharibu kesi, lakini wenye boti wa Kunduchi na Msasani mnaonifahamu, nipigieni.

Boti mnaijua na safari mliisikia: tulikuwa tunaivuta kwa trela kutoka Dar kwenda Tanga. Kilichonisumbua kabla ya kuondoka ni tairi ya kushoto ya trela, ilikuwa inalika upande wa ndani tu. Nje kashata (yale meno ya tairi) zimesimama, ndani kipara. Ya kulia haina shida. Nikasema siwezi kushika barabara ya Chalinze na boti nyuma na watoto ndani ya gari kwa tairi ya namna ile, ndiyo maana nikaenda pale, kwa watu wenye vifaa, si kwa kijana wa pancha chini ya mwembe.

Jamaa mwenye duka alitoka mwenyewe. Akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi kwenda na kurudi, akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa. "Kaka, hii alaimenti imekufa. Halafu nani alikuuzia tairi hizi? Hizi si za trela." Akaniingiza ndani, akaniletea maji ya baridi, akaanza kunielimisha. Kwamba tairi ya trela huandikwa ST ubavuni, yaani "Special Trailer". Kwamba kuta zake ni ngumu zaidi kwa sababu kazi yake ni kubeba na kufuata, haisukumi wala haikati kona yenyewe. Kwamba inajazwa upepo mwingi kuliko ya gari dogo, na ile ST205/75R15 ya daraja C ikijazwa psi 50 inabeba kilo 825 hivi. Yote ni kweli! Nimeyahakiki baadaye, hakukosea hata moja. Sasa mtu anayekumwagia ukweli wa namna hiyo, utamshuku kwa lipi? Shemeji yangu alikuwepo, na yeye ni mtu wa magari tangu ujana, naye aliridhika.

Wakaiingiza trela kwenye mashine. Vijana wakabana vile vioo kwenye rimu, kioo cha kompyuta kikawaka, namba nyekundu zikageuka kijani huku wanazungukazunguka chini na spana. Printa ikatoa karatasi. Jamaa akachukua kalamu, akazizungushia zile namba za kijani moja moja, akanipa mkono. "Sasa nenda hata Mombasa." Alaimenti 80,000, tairi mbili 560,000, akanipunguzia 20,000 "kwa undugu". Nililipa taslimu na nikamshukuru. Nilimshukuru mtu yule!

Karatasi hiyo ninayo mbele yangu ninapoandika. Imechorwa tairi nne. Trela yangu ina mbili. Ina vipimo vya kasta, ambavyo ni vya tairi zinazogeuzwa na usukani. Trela ina usukani wapi? Ekseli ya trela yangu ni bomba moja lililofungwa kwenye springi kwa bolti, haina tairodi (kile chuma cha usukani kinachorekebishia tairi), hakuna mahali pa kulegeza wala kukaza ili tairi ikae sawa. Ikipinda, inanyooshwa au inabadilishwa. Ikihama, inarudishwa mahali pake. Kwa hiyo zile spana zilikuwa zinafungua nini? Hakuna. Yalikuwa maigizo ya kuniibia.

Tulipokaribia Mkata, shemeji aliyekuwa nyuma na gari lake akaanza kuniwashia taa. Akapiga simu: "Trela yako inatembea kiupande." Napunguza mwendo nitafute pa kusimama, tairi ya kushoto ikapasuka. Ile tairi "mpya". Kashata yote ilibanduka kama ganda la ndizi, ikapiga madigadi, ikavunja taa, trela ikainama na boti ikavutika kutaka kwenda bondeni. Lori la mafuta lilikuwa linakuja mbele yetu. Sitaki kuendelea na sehemu hiyo.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja mzee wa palepale Mkata, hana mashine yoyote. Aliinua trela kwa jeki, akafunga spea, akaishika tairi juu na chini, akaitikisa. Kok, kok. "Beringi hizi, mwanangu." Akafungua kifuniko cha habu, yaani kitovu cha gurudumu zinamokaa beringi, grisi imekuwa nyeupe na inateleza majimaji. Akanieleza: ukivuta boti mpaka ufukweni habu inachemka, ukiitumbukiza baharini papo hapo inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Beringi inaliwa na kutu, inalegea, basi trela ikibeba mzigo tairi inalalia ndani kwa juu na kuchubuka ukingo wa ndani. Kisha akaomba futi. Akapima kutoka kwenye kichwa cha kuunganishia gari hadi kila ncha ya ekseli. Upande wa kushoto ulizidi karibu sentimita mbili. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika kwa kutu na ekseli imerudi nyuma. Ndiyo sababu ya kutembea kiupande.

Jeki na futi! Akaniuliza, "Aliyekuuzia tairi hakuinama chini?" Sikuwa na jibu.

Halafu akaivua ile tairi nyingine ya kulia na kuigeuza. Wino mweusi wa kung'arisha ulimshika vidoleni. Alipofuta, ikatokea P205/75R15, na hiyo P ni tairi ya gari dogo la abiria. Ile "ST" niliyoonyeshwa dukani ilikuwa stika. Namba ya tarehe waliiweka upande wa ndani wakati wa kufunga, ili nisiione: 1114, maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2014. Kwenye ile iliyopasuka, sehemu ya tarehe imesagwa ikawa laini. Na kashata zake zilichongwa kwa kisu cha moto kwenye tairi iliyokwisha, ukiangalia chini ya mfereji waya unakaribia kuonekana.

Nimerudi dukani. Eti barabara mbaya, eti tairi ni upepo tu kaka, eti risiti yangu haina saizi. Kweli haina, imeandikwa kwa mkono "tairi 2", wala si ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. TRA mpo? FCC, watu wa ushindani wa biashara, mpo? TBS mpo? Mtu anachonga tairi kipara, anaibandika stika, anaifunga kwenye chombo kitakachopishana na mabasi ya abiria, halafu jioni anafunga duka anakwenda kulala kwake! Huyo si mfanyabiashara. Afungiwe, ile mashine ikamatwe, na ashitakiwe kama mtu aliyetega watu wafe, kwa sababu ndicho alichofanya. Msiniambie nimsamehe. Mwanangu wa mwisho mpaka leo akisikia tairi inalia anashika kiti.

Kwa wanaouliza ningejuaje: mtu yeyote akikupimia alaimenti ya trela yenye ekseli ya bomba bila kuitikisa tairi na bila kupima kwa futi, ondoka. Soma tarehe kabla tairi haijafungwa, pande zote mbili, na ufute kwa kitambaa. Kulika ndani ni beringi au ekseli iliyopinda, kingo zote mbili ni upepo mdogo au mzigo mkubwa, katikati ni upepo uliozidi. Tairi mpya haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Mpelelezi amesema tukiwa wengi jalada litakuwa zito. Mwenye risiti ya mkono yenye mhuri wa bluu wa duara, au ile karatasi ya kompyuta yenye tairi nne kwa trela ya tairi mbili, asiitupe. Namba yangu mnayo.