Uzoefu wangu wa kuhifadhi ujumbe wa zamani kwenye wiki yetu

Kwenye wiki yetu, yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huandika na kuhariri kurasa zake, ukurasa wa majadiliano wa Kimondo cha Mbozi ulikuwa umefika baiti 180,000. Namba hiyo niliisoma kwenye historia ya ukurasa, ile orodha ya kila badiliko lililofanywa, Jumapili moja ya Julai, nimejifunika blanketi hapa Uyole, baada ya mwenzetu wa Makete kunipigia. "Shikamoo mwalimu. Nilitaka kujibu swali moja tu, simu imezunguka mpaka bando limekata." Simu yake ni ya bei ndogo na mtandao wa kule milimani ni wa kusubiri. Tulikuwa tunamtoza bando la kusoma mabishano ya mwaka 2014 kabla hajaandika hata mstari mmoja. Iliniuma, nikaamua likizo ile niimalize kazi ya kuhifadhi ujumbe wa zamani, yaani kuuhamishia kwenye ukurasa wa pembeni unaoitwa hifadhi, ukurasa baada ya ukurasa.

Wiki yenyewe ni ndogo. Tuliianza 2014, walimu, wakulima wachache wa kahawa na vijana wa chuo, ili tukusanye majina ya mahali na historia za Nyanda za Juu Kusini wakati wazee wa kutusimulia bado wapo. Inaendeshwa na MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia, kwa hiyo haya ninayoyaeleza yatamfaa yeyote anayehariri wiki ya aina hiyo. Kila makala ina ukurasa wake wa majadiliano, na kila mtumiaji ana wake. Ujumbe mpya unaongezwa chini ya ule wa jana, na hakuna unaoondoka wenyewe.

Wapo waliosema tufute tu. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Chukua huo ukurasa wa Kimondo. Mle watu wamebishana uzito: mmoja kaja na tani 12, mwingine 16, mwingine 25, na kila mmoja ana kitabu chake mkononi. Wamebishana pia mkoa. Mbozi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya mpaka Mkoa wa Songwe ulipomegwa mwaka 2016, kwa hiyo aliyeandika "Mbeya" mwaka 2014 alikuwa sahihi kabisa kwa siku ile. Hoja hizo zikifutwa, mgeni akikuta "Songwe" na kitabu chake kinasema "Mbeya", ataibadilisha makala. Imeshatokea mara mbili.

Kuna anayesema historia ya ukurasa inatunza kila kitu hata ukifuta. Ni kweli, inatunza. Lakini kisanduku cha kutafutia kinatafuta katika maandishi yaliyopo sasa, hakiingii kwenye matoleo ya zamani. Ujumbe uliobaki kwenye historia peke yake ni kama mahindi yaliyo ghalani na ufunguo hujui uko kwa nani.

Njia ya kwanza niliyoijaribu ni kuhamisha ukurasa mzima. Unabonyeza Hamisha, unaandika jina lilelile, unaongeza alama ya mkwaju (/) na neno Hifadhi 1 mwishoni, basi. Ni kazi ya dakika moja, na uzuri wake ni kwamba historia yote inasafiri na ukurasa, kila toleo na jina la aliyeliandika. Nilifunga simu nikijua nimemaliza.

Sikujua kuwa jina la zamani linabaki na elekezo. Yaani kila aliyefungua majadiliano ya Kimondo alichukuliwa moja kwa moja mpaka kwenye hifadhi, akaandika humo akidhani yuko mahali pake. Mambo yalikwenda hivyo siku kumi na moja. Nilikuwa nasahihisha mitihani, orodha yangu ya maangalizi, inayonionyesha kurasa ninazofuatilia zilizobadilika, sikuifungua. Kijana mmoja wa Iringa alikuwa ameuliza chanzo cha habari kwamba mpima ardhi W. H. Nott ndiye aliyekitambulisha kimondo kwa wanasayansi mwaka 1930. Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu aliandika: "Shikamoo mwalimu, kama nimekosea kuuliza naomba unisamehe." Niliposoma hayo sikungoja kuandika, nilimtafuta kwa simu nikamwomba radhi mimi.

Dawa yake ni ndogo ukiijua. Ukishapelekwa kwenye hifadhi, juu chini ya kichwa kuna maandishi madogo yanayokuambia umeelekezwa kutoka wapi. Bonyeza hilo jina la zamani, utaukuta ukurasa wenye mstari wa elekezo tu. Futa mstari huo, uweke kichwa kipya na kiungo cha kwenda hifadhini. Fanya hivyo papo hapo, kabla hujaweka simu chini.

Siku hizi nakata na kubandika, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wiki yenye watu wachache kama yetu. Nafungua ukurasa kwa kuhariri, nachukua mijadala iliyokwisha tu, pamoja na vichwa vyake na saini zake, nabandika kwenye ukurasa wa hifadhi. Jambo moja nalisisitiza kwa wanaotumia simu: hifadhi mabadiliko kwanza kule ulikobandika, ndipo urudi uhifadhi mabadiliko kule ulikokata. Mtandao wa kwetu hukatika katikati. Ukianza na kukata, mwenzako akifungua atakuta ujumbe haupo hapa wala kule. Kwenye muhtasari wa hariri, kile kisanduku cha kueleza kwa kifupi ulichobadilisha, naandika nimeutoa wapi na nimeupeleka wapi. Historia inabaki kwenye ukurasa wa awali, haikatwi vipande.

Wikipedia ya Kiingereza inashauri kuhifadhi ukurasa wa majadiliano ukizidi kilobaiti 75, yaani baiti 75,000 hivi. Kwetu, kwa simu tulizo nazo, nimeona hiyo ni nyingi mno. Mimi naanza kwenye 40. Na mjadala ambao swali lake halijajibiwa siugusi, hata uwe wa zamani kiasi gani. Mtu aliuliza akitegemea jibu.

Kuna hasara moja sijaipatia dawa kamili. Viungo vilivyoelekezwa kwenye kichwa cha mjadala vinakosa pa kufika mjadala ukishahamia hifadhini. Ukurasa unafunguka, ila mjadala huuoni. Kwa hiyo ninapotaja mjadala kwenye makala nyingine natumia kiungo cha kudumu, kile kinachopatikana kwenye zana za ukurasa, kwa sababu kinashika toleo lenyewe.

Roboti nayo, yaani programu inayohariri kurasa yenyewe, tumeijaribu. Kijana wetu wa chuo hapa Mbeya aliiweka kwa kutumia Pywikibot, mkusanyiko wa zana za kuendeshea roboti za wiki, ambao una programu ya kazi hii hasa. Unaandika maelekezo juu ya ukurasa: mjadala uliokaa siku 90 bila kuguswa uhamishwe, isibaki chini ya mijadala mitano. Ilifagia kurasa ishirini usiku mmoja, kazi ambayo mimi ningeifanya siku saba nzima. Kwa wiki kubwa sioni namna nyingine.

Ila roboti inasoma tarehe iliyo kwenye saini, ile inayojiandika yenyewe ukiweka alama nne za kiwimbi, ~~~~. Mjadala usio na tarehe hiyo inauacha. Na kwenye simu kiwimbi kimejificha, mpaka ufungue ukurasa wa pili wa alama. Wenzetu wengi walikuwa wanamaliza ujumbe kwa kuandika jina lao tu, au "jana jioni, Tukuyu". Roboti ikapita, ikahamisha yenye saini, ikaacha yote ambayo hayakutiwa saini yamekaa juu ya ukurasa kama abiria waliokosa basi.

Saa nayo iwekeni akilini. Tarehe ya saini kwenye wiki yetu inaandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma ya Tanzania. Aliyeandika saa saba usiku tarehe kumi, saini yake itasoma 22:00 tarehe tisa. Tulikaribia kumwita mwenzetu mwongo kwa hilo.

Katika ujumbe ulioachwa na roboti ndimo nilimokuta ujumbe wa mzee wetu wa Kalenga. Uko kwenye majadiliano ya makala ya Mkwawa. Fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na sasa liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Mzee alikuwa mtoto mwaka ule. Alimwambia mjukuu wake aandike kwenye simu alivyoikumbuka siku ile: walivyopangwa mstari, vumbi, wanawake waliolia ambao yeye kwa utoto wake hakuelewa wanamlilia nani. Mistari kumi na mbili, haina herufi kubwa, haina nukta, haina saini. Mzee ameshafariki.

Ujumbe ule niliupeleka hifadhini kwa mkono wangu. Sikurekebisha herufi hata moja. Niliingia kwenye historia ya ukurasa, nikaperuzi toleo kwa toleo mpaka nikalipata lile ulipoingia: 3 Agosti 2017, saa 16:22 kwa UTC, saa moja na dakika ishirini na mbili jioni kwa saa zetu. Nikaandika chini yake kwamba maneno ni ya babu, yameandikwa na mjukuu, na tarehe imetolewa kwenye historia. Kisha kwenye ukurasa mpya wa majadiliano nikaweka kiungo cha kwenda kwake, juu kabisa, kabla ya kitu kingine chochote.

Ukurasa wa Kimondo sasa una baiti 14,000. Mwenzetu wa Makete aliufungua wiki iliyopita akajibu lile swali lake, na akatia saini. Bado kurasa za Rungwe na Kitulo, nitazishika likizo ya Desemba.