Basi la alfajiri, Mtwara hadi Dar es Salaam: tathmini ya abiria asiye na puru

Tathmini hii ni ya abiria ambaye kabla ya kuuliza nauli huuliza choo kiko wapi. Miaka minne iliyopita, baada ya kupigwa mionzi, niliondolewa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa sababu ya saratani, na utumbo ukaunganishwa chini kabisa, karibu na njia ya haja. Puru ndiyo ghala ya choo mpaka mtu apate nafasi. Ikiondolewa, choo huja kidogo kidogo, pengine mara nne ndani ya saa moja, na kikija hakingoji. Wengi hupata nafuu katika mwaka wa kwanza au wa pili, lakini kwa tuliopata mionzi na kuunganishwa chini sana, tatizo linaweza kudumu miaka mingi.

Kwa hiyo kila ninapokwenda Dar kwa uchunguzi, zile kilomita zaidi ya 500 hunitisha kuliko majibu yenyewe.

Jina la kampuni silitaji. Basi huondoka kwa wakati, viti ni vipana na dereva hana papara, ila ndani hamna choo, na kituo cha kwanza cha maana ni Nangurukuru. Kabla ya hapo abiria huchimba dawa porini kwa dakika tano, muda unaotosha kwa haja ndogo, lakini haumfai mtu anayehitaji maji na ambaye nusu saa baadaye atashikwa tena. Mwaka jana, tulipopita Mchinga, nilimwomba kondakta asimamishe gari, akanijibu, "Mzee, vumilia kidogo, tutachimba dawa mbele." Mwili wangu hauna tena mahali pa kuvumilia. Nilijichafua, nikakaa hivyo mpaka Nangurukuru.

Simlaumu sana, kwa kuwa sionekani mgonjwa. Lipo dodoso la maswali matano la kupima tatizo hili, lililotungwa Denmark mwaka 2012, lenye alama 0 hadi 42, ambalo kuanzia 30 huhesabu tatizo kuwa kubwa. Mimi nina 34, na hakuna anayeweza kuzisoma usoni pangu.

Safari hii nilikwenda ofisini kwao siku moja kabla nikamweleza binti wa tiketi bila kuficha. Alinipa kiti cha mlangoni, akazungumza na kondakta, naye alfajiri akaniambia, "Mzee wangu, ukishikwa niguse bega tu." Nilimgusa mara mbili, gari likasimama mara mbili penye nyumba za watu, na akaniombea maji mwenyewe. Kwa upande wangu nilikuwa nimekula wali na samaki bila maharage wala kisamvu, nimemeza loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kama daktari alivyonielekeza, na nimebeba pedi na kikoi cha akiba.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu huduma hii ilitegemea wema wa watu wawili, wakati ingepaswa kuwa swali la kawaida dirishani: je, abiria ana haja ya kusimama njiani? Tiketi ya kurudi nilikata kwao, kiti kile kile cha mlangoni.